Vidole nyuma ya mgongo

Nilikwenda Bagamoyo kwa ajili ya samaki. Kusi ilikuwa imechafua bahari kwa siku kadhaa, ngalawa nyingi ziko juu mchangani, na mhariri alitaka habari fupi ya bei. Nilipanga kumaliza mapema nirudi Dar es Salaam kabla foleni ya Tegeta haijafunga barabara. Nikaandika bei ya kibua, nikaandika ya jodari, nikanywa kahawa na kashata, kisha nikakata nyuma ya soko kutafuta kivuli. Hadi leo mhariri hajaipata ile habari.

Nyuma ya gofu la nyumba ya mawe palikuwa na kiwanja kilichoshindiliwa kwa miguu mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Katikati limetundikwa jarife kuukuu, upande mmoja kwenye mnazi, upande wa pili kwenye boriti ya mkoko. Watoto wanne walikuwa wakicheza tenisi, wawili kila upande, wote peku. Raketi nne, hakuna iliyofanana na mwenzake, na mojawapo ya mbao.

Hayo peke yake yangenifanya nitabasamu na kupita. Kilichonishika ni msichana wa miaka kama kumi na miwili aliyesimama karibu na jarife, ameinama kidogo, macho mbele kwa wapinzani, raketi mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ameupeleka nyuma, kiunoni. Ukafunga ngumi. Ukafunguka. Kidole kimoja kikatoka, kikarudi. Kijana aliyekuwa nyuma yake akasema “haya”, akarusha mpira juu na kuupiga. Kabla mpira haujarudi, msichana alikwisha kuruka upande wa pili na kuukatia njiani.

Nimeona watoto wa pwani hii wakicheza kila kitu, mpira wa makaratasi, rede, bao la mashimo mchangani. Sijawahi kuona mtoto akizungumza na mtu aliye nyuma yake kwa vidole, huku uso wake ukiwadanganya walio mbele.

Chini ya mkungu alikaa mzee juu ya ndoo iliyopinduliwa, raketi isiyo na nyuzi mapajani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sogea kidogo, umesimama kwenye mstari.”

Nilitazama chini. Ulikuwapo kweli, wa majivu, nusu umefutika.

Watoto wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Jina lake alikataa nisiliandike. “Weka pembeni. Mimi nilikuwa muokota mipira tu.” Baadaye niligundua kwamba hilo “tu” lina hesabu yake ndani.

Nilimuuliza kuhusu vidole, na hapo nikawa nimefungulia bomba. Katika tenisi ya wawili, alinieleza, kazi ya kuanzisha mpira ni ya mmoja, lakini amri inatoka kwa asiye na mpira. Yule wa wavuni ndiye anayewaona wapinzani kwa karibu: nani amerudi nyuma hatua moja, nani ameshika raketi kwa wasiwasi. Anaamua, kisha anamwambia wa nyuma. Hawezi kusema kwa mdomo, maana wapinzani wako hatua chache tu. Hawezi kugeuka, maana akigeuka amewapa macho. Kwa hiyo anatumia mgongo wake kama pazia.

Kwanza vidole vya mahali. Kimoja: mpira uende pembeni kabisa, umtoe mpokeaji nje ya uwanja. Viwili: umwendee mwilini, umbane. Vitatu: uende katikati, kwenye mstari unaogawa masanduku. Kisha mkono wenyewe. Ngumi ni “nabaki hapa”. Kiganja wazi ni “naondoka, nakwenda kuiba, wewe nizibie nilikotoka”. Na ipo ya tatu, kiganja kinachofunguka na kufunga haraka, kama samaki anayetafuta hewa: “nitajifanya naondoka, lakini sitaondoka.”

“Sasa sikiliza,” aliniambia, kidole juu. “Wa nyuma lazima ajibu. Aseme ‘haya’, aseme ‘ndiyo’, atie neno lolote. Asipojibu, wa mbele hana haki ya kuondoka. Watu wengi wanajua ishara. Wasiojua kujibu ndio wengi zaidi.”

Alisimama akanionyesha mwenyewe. Mgongo umepinda kidogo kwa umri, lakini mkono wa kushoto ulipokwenda kiunoni ulikwenda kwa kasi ya mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha pesa ipo. Ngumi, kiganja, kimoja, viwili. Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mgeni kufunga msuli. Nilijaribu kumfuata na vidole vyangu vikagongana. Watoto walicheka mpaka mchezo ukasimama.

Jambo lililoniingia zaidi ni hili: anayekaa nyuma ya uwanja, awe mlinzi, muokota mipira au mtoto aliyepanda mti, anaiona siri kabla ya wapinzani. Ndivyo Mwalimu alivyojifunza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika klabu moja ya Dar es Salaam, alikuwa akikaa nyuma ya waungwana waliovaa kaptura nyeupe, kazi yake mipira iliyopita. Hakuna aliyemweleza chochote. Alisoma migongo. Wanachama wakiondoka jioni, waokota mipira walibaki na raketi zilizopasuka na dakika ishirini za mwanga. Hapo alikuwa na mwenzake, naye nitamrudia, ingawa Mwalimu mwenyewe hakupenda sana kumrudia.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwona mtu wa ukanda wetu aliyeupeleka mchezo huo wa wawili mbali. Akaingia kibandani, akatoka na kopo la biskuti, na ndani ya kopo mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kipande cha gazeti la kigeni kisichozidi kidole kwa upana. Matokeo ya michezo, herufi ndogo zile za kusomwa na mchwa. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Mwanachama mmoja aliliacha gazeti kwenye benchi, Mwalimu akalichukua afungie maandazi, kisha jicho likaangukia majina mawili yaliyounganishwa: Smith na Wekesa.

Paul Wekesa wa Kenya, wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka. Alizaliwa 1967, akaingia kwenye mzunguko wa tenisi ya kulipwa mwishoni mwa miaka ya 1980, akadumu hadi katikati ya miaka ya 1990. Katika mchezo wa mmoja mmoja alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Mataji yake ya mzunguko mkuu ni matatu, na yote matatu ni ya wawili. Kipande cha Mwalimu kinahusu lile la Tel Aviv, Oktoba 1988.

Wiki hiyo hiyo, kwenye viwanja hivyo hivyo, taji la mmoja mmoja lilichukuliwa na Mmarekani Brad Gilbert, ambaye baadaye aliandika kitabu, akamfundisha Andre Agassi, na sauti yake ikasikika kwenye matangazo ya tenisi. Mashindano hayo yanatajwa na wapenda kumbukumbu kwa sababu mbili: mwaka 1983 Aaron Krickstein alishinda pale akiwa na miaka 16, na mwaka 1989 Jimmy Connors alichukua pale taji lake la 109, la mwisho. Mvulana na mkongwe. Katikati yao, 1988, wamo vijana wawili waliocheza kiwanja kile kile, na ukitaka kuwaona itabidi ushuke mpaka mstari wa chini wa jedwali.

“Miaka mingi nilikuwa nadhani Smith ni Mwingereza,” Mwalimu alisema. “Nikajisemea, haya, Mkenya kapata Mzungu wa kumbeba. Kumbe Smith mwenyewe ni Mbahama! Mtu wa kisiwani, mweusi kama mimi. Nilipoambiwa nilikaa chini. Basi nani alimbeba nani?”

Roger Smith anatoka Bahamas kweli, na alicheza pia kwa nchi yake pamoja na Mark Knowles, ambaye baadaye alishinda mataji makubwa ya wawili akiwa na Mkanada Daniel Nestor. Lakini swali la Mwalimu halikuhusu asili ya mtu. Alitaka kujua nani kati ya Smith na Wekesa alikuwa akitoa ishara. Je, ni Wekesa aliyesimama wavuni mkono nyuma? Waliitana kwa neno gani? Kipande cha gazeti hakisemi. Alikikunja, akakirudisha kwenye mfuko, mfuko kwenye kopo.

Hapa niseme la kwangu. Wapo wanaozaliwa na mwenza. Bob na Mike Bryan wa Marekani ni pacha, mmoja anatumia mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, na walistaafu mwaka 2020 wakiwa na mataji 119 waliyochukua pamoja. Kule Harare, Don Black alitengeneza viwanja vya nyasi nyumbani shambani, na watoto wake watatu, Byron, Wayne na Cara, wote wakawa mabingwa wa wawili. Mwaka 2004 Wayne na Cara, kaka na dada, walishinda Wimbledon kwa mchanganyiko. Mchezaji anayetoka nchi isiyo na mwingine wa kiwango chake hana bahati hiyo. Pea huingizwa mashindanoni kwa kujumlisha nafasi za wote wawili, kwa hiyo kutafuta mwenza ni kama kutafuta mtu wa kuchangia naye teksi usiku: mwelekeo uwe mmoja, na hesabu zenu zitoshe. Ishara za vidole mnafundishana asubuhi ya mechi. Wiki ijayo kila mtu na njia yake.

Na malipo? Wimbledon ya 2024 ilimpa bingwa wa mmoja mmoja pauni 2,700,000. Pea iliyoshinda ya wawili ilipata 650,000, wagawane. Mwalimu nilipomtajia hakushangaa. Aliuliza kama wanagawana sawa. Nikasema sawa kwa sawa. “Hapo pazuri,” akasema, akaendelea kuvuta uzi.

Maana muda wote huo alikuwa akivuta uzi. Raketi mapajani ilikuwa ikitiwa nyuzi mpya, na nyuzi zenyewe ni mshipi wa kuvulia. Zamani raketi za waungwana zilitiwa nyuzi za utumbo wa ng'ombe, na utumbo hauelewani na pwani. Unyevu unauvimbisha, chumvi inaukausha, asubuhi unaukuta umekatika wenyewe kabatini bila mtu kuugusa. Waokota mipira ndio walioitwa kutoa mabaki. Mwalimu aliyakusanya, akajifunza kwa kufumua jinsi yalivyofumwa. Sasa anatumia mshipi. Unalegea baada ya siku chache, anasema, na mpira unatoka kama unaondoka kitandani. Lakini mshipi uko hapa sokoni, na fundi yuko hapa.

Kwenye ukuta wa gofu alinionyesha alama mbili za mkaa. Ya juu iko sentimita 254 kutoka ardhini, aliipima kwa futi ya seremala akiwa juu ya ndoo. Sheria ya mchezo inataka mpira ukidondoshwa kutoka hapo kwenye sakafu ngumu urudi kati ya sentimita 135 na 147, na alama ya pili iko kwenye 135. Akapanda, akadondosha mmoja. Ulirudi mpaka chini kidogo ya goti langu. Akadondosha wa pili. Goti. Mipira inatoka hotelini, iliyokwisha kuchoka. Upepo uliokuwa ndani umetoka na manyoya yameshiba unyevu wa bahari.

“Ndiyo maana nawafundisha wawili,” alisema. “Mpira huu ukicheza mmoja mmoja, mtoto anakimbia mpaka anauchukia mchezo. Wawili, mpira haupaswi kudunda. Mwenzako anaanzisha, wewe unaiba hewani. Mpira uliokufa hewani hajui mtu kama umekufa.”

Basi si kwa mapenzi tu. Umaskini wa vifaa umechagua aina ya mchezo, na aina ya mchezo imeleta vidole. Niliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, kisha nikaona watoto wanne, kiwanja kimoja, raketi nne, nikafuta mstari. Labda ni hesabu ya nafasi tu. Sijui bado.

Uwanja wa wawili una upana wa mita 10.97, wa mmoja mita 8.23. Tofauti ni vipande viwili vya pembeni, kila kimoja mita 1.37, ambavyo Mwalimu anaviita uchochoro. “Nenda uchochoroni!” anapiga kelele, na msichana anakwenda uchochoroni. Pembeni ya kiwanja chake kuna uchochoro wa kweli unaoshuka pwani, na siku ya soko watu wanapita na matenga vichwani katikati ya seti. Mchezo unasubiri. Hakuna anayelalamika.

Nikamuuliza kuhusu yule mwenzake.

Alikuwa kijana wa Kaole, waliokota mipira pamoja, wakacheza pamoja jioni kwa miaka kama kumi na miwili. Yeye mbele, mwenzake nyuma. Waliwahi kuwafunga wanachama wawili kwa dau la soda, na hawakuitwa tena kucheza nao. Kisha mwenzake akapata kazi Muscat, kwenye hoteli yenye viwanja, akaondoka. Mara moja tu ilikuja salamu, kopo la mipira mitatu, halijafunguliwa, kwa mkono wa mtu aliyekuja likizo. Mwalimu alilikalia kopo miaka mitatu.

“Kwa nini hukulifungua?”

“Ukilifungua linaanza kufa siku hiyo hiyo.”

“Na mwisho wake?”

“Nililifungua. Mipira ilikuwa imekufa tayari.”

Kama mwenzake yuko hai, kama aliendelea kucheza, kama kule Oman alipata mtu wa kusimama mbele yake, niliyazungukia maswali yote matatu na hayakufunguka. Alikaza fundo, akakata uzi kwa meno.

Nikabadili mada, nikamweleza habari ya Angella Okutoyi. Alikuwa ameisikia redioni nusu nusu. Julai 2022, msichana huyo wa Kenya aliyelelewa na bibi yake alishinda Wimbledon ya wasichana kwa wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza mchezo wa kuamua 11-9. Mwalimu alinirudisha kwenye namba. Kumi na moja kwa tisa? Ndiyo, nikasema, unachezwa mpaka kumi lakini lazima mpite kwa mbili. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole juu ya goti, mpira mmoja mmoja, kama aliyekuwapo. Tisa kwa tisa. Kumi kwa tisa. Hapo kidole chake kikasimama.

“Kwenye kumi kwa tisa, nani alikuwa wavuni?”

Sikujua. Nilichojua ni kwamba mmoja wa walioshindwa siku ile, Victoria Mboko wa Kanada, mwaka 2025 alichukua taji kubwa la nyumbani kwao, Montreal, peke yake, kwa kumshinda Naomi Osaka fainali, na dunia nzima ikamjua. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza tena nani alikuwa wavuni.

Kuna lingine alilokataa. Katikati ya mazungumzo nilimwona msichana akitoa ishara ambayo haikuwamo kwenye somo langu: kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vitatu vya katikati vimekunjwa, mkono ukazungushwa mara moja. Nikaiiga, nikamuuliza Mwalimu maana yake. Alinitazama kwanza, kisha akatazama vidole vyangu kama mtu anayeona shati lake limevaliwa na mgeni.

“Hiyo si ya kitabuni.”

“Ni ya nani?”

“Ya watu wawili.”

“Lakini umewafundisha hawa.”

“Wao ni wawili.”

Saa tisa ilipita. Soko lilikuwa limefungwa, paka wamebaki na mizani. Nilijua Tegeta imekwisha kufunga na Bunju nayo pengine, kwa hiyo nikaketi tena, juu ya jiwe safari hii, nje ya mstari. Mwalimu alimpa kijana wa nyuma ile raketi yenye mshipi mpya. Kijana akaigonga kiganjani, akaisikiliza, akaichukua.

Upande wa pili walikuwa wanaongoza. Msichana alikwenda wavuni, akainama. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma. Ngumi. Halafu vidole vitatu. Halafu, baada ya kusita, gumba na cha mwisho, na mkono ukazunguka.

Kijana hakujibu. Alishusha mpira, akacheka peke yake, akatikisa kichwa.

“Jibu!” Mwalimu alipaza sauti kutoka kwenye ndoo.

“Haya,” akasema kijana, akarusha mpira juu.